Ofisi ya Futi Sita

Jumatatu, 8 Agosti 1988. Oli, Arua

Naandika kwa Kiswahili kwa ajili ya usalama. Mama anasoma Kilugbara, kaka yangu anasoma Kiingereza, na Kifaransa nilichosomea kule Zaire, tulikokimbilia wakati wa vita, tangu darasa la kwanza, Mjomba anakielewa kuliko anavyojifanya. Kiswahili wote wanakisema wakiwa sokoni, lakini hakuna nyumbani anayeamini kwamba kinaweza kukaa kwenye daftari.

Jina langu Driwaru, miaka kumi na sita. Nina haya. Si haya ya adabu ile wageni wanayoisifia, ni haya ya ugonjwa. Jana nilirudi nyumbani na chumvi kwa sababu nilishindwa kumwambia muuzaji kwamba nilisema sabuni.

Shule ya Kiingereza imesema nisubiri Januari, kwanza watafute mtu wa kuzisoma karatasi zangu za Zaire. Kwa hiyo Mjomba Ayiko, ambaye anachora ramani za majengo, amenichukua nimsaidie. Ni kazi isiyo na maongezi. Nimefurahi hadi nimeogopa.

Alhamisi, 11 Agosti

Ramani yangu ya kwanza! Shule ya msingi ya Kuluba, huko Koboko. Darasa moja refu, na mwishoni kipande chembamba cha urefu wa futi kumi na tano kilichogawanywa kwa ukuta: ofisi ya mwalimu mkuu na stoo ya majembe.

Hapa hakuna mashine ya kunakili ramani. Unalaza karatasi nyembamba inayopitisha mwanga juu ya ramani ya zamani, unafuatisha kwa wino. Ukikosea, unakwangua kwa wembe polepole, kama mtu anayemnyoa mtoto.

Tatizo ni kwamba ramani ya zamani mlango wake unatazama chini ya karatasi, na barabara ya Kuluba ipo upande wa juu. Mjomba akasema, "Igeuze yote, kichwa chini. Mlango ufuate barabara. Lakini namba zako zisimame!" Ana sheria moja kwa vipimo: namba inasomwa na mtu aliyekaa upande wa chini wa karatasi, au upande wa kulia. "Hakuna upande wa tatu," anasema, kwa sauti ambayo wengine wanautajia Utatu Mtakatifu.

Ijumaa, 12 Agosti

Nimeigeuza. Namba zote zikawa zimelala chali na miguu juu, kwa hiyo kila niliyoiona imepinduka niliiandika upya imesimama. Upana wa darasa, futi 18, ulikuwa unasomeka 81. Nilicheka peke yangu. Fikiria darasa la upana wa futi themanini na moja, mwalimu angehitaji baiskeli. Nimelikamata kosa hilo bila kuambiwa.

Vyumba vidogo havina nafasi ya majina, vina herufi tu: O ya ofisi, S ya stoo. Nikajumlisha: sita na tisa, kumi na tano. Sawasawa. Mjomba naye akajumlisha, akapata kumi na tano, akanipiga begani.

Jumamosi, 20 Agosti

Mvua. Nakala tatu zimekwisha, ya kwanza imetangulia Kuluba.

Jumatano, 24 Agosti. Kuluba

Mgongo wa Mjomba umekataa lori, na mafundi wameomba mtu wa kuwaeleza ramani. Mtu huyo ni mimi. Sikulala.

Nimefikia kwa shangazi yangu, ambaye alipoolewa huku na Mwislamu alipewa jina Afisa. Kwenye kizuizi askari aliniuliza, "Wewe nakwenda kwa nani?" Nikasema kwa Afisa. Akasimama wima, akafunga kifungo cha shati, akatufungulia kamba. Lori zima lilinitazama kwa heshima hadi Koboko. Sikuweza kuwaambia kwamba huyo Afisa anauza maandazi.

Alhamisi, 25 Agosti

Fundi mkuu ni Mzee Lomoro, Mkakwa, zamani askari, miaka sita uhamishoni Sudan. Hajui herufi hata moja. Namba anazijua, alijifunza jeshini kwenye maboksi ya risasi. Hii ndiyo kazi yake ya kwanza kubwa tangu arudi, na kuna watu wanasubiri ashindwe.

Nilimkabidhi ramani, nikamwonyesha kwa kidole ipi ofisi, ipi stoo. Akaikunja mara nne ibaki ile sehemu ya ofisi na stoo, kwa sababu darasa wameshalipimia kamba kwa nakala ya kwanza. Akailaza chini, akaiwekea mawe manne. Mafundi wakaja, wakakaa kuizunguka pande zote kama wanaizunguka sahani ya ugali. Kila mtu akaisoma kutoka upande wake!

Nilitaka kusema kwamba kuna upande wa chini na upande wa kulia tu. Nilifungua mdomo. Ikatoka chafya.

Ijumaa, 2 Septemba

Wanajenga vizuri sana. Obeti, mmoja wa mafundi, anashika mwisho wa utepe wa kupimia na kupiga kelele, Mzee anajibu. Lakini jambo moja linanikera. Obeti akipaza sauti "sita!" upepo ukivuma, kule inafika "tisa." Ni herufi zilezile, zimebadilishana viti tu. Leo walibishana:

"Umesema sita?"

"Tisa!"

"Ndiyo, sita!"

"Mzee, tisa! Ile kubwa!"

"Sema ile kubwa toka mwanzo, wewe mutu gani?"

Siku hizi wanaitana "ile ndogo" na "ile kubwa." Inafanya kazi.

Jumatatu, 5 Septemba

Mvua. Walifunika kuta kwa majani ya migomba. Shangazi anasema nimeanza kuongea usingizini, na huko naongea sana.

Jumamosi, 10 Septemba

Ukuta wa kati umesimama. Mzee Lomoro alinionyesha timazi yake ikining'inia bila kugusa wala kuachana na tofali. "Tazama, binti. Kama askari kwenye gwaride." Ana miaka kama hamsini na tano na alikuwa na furaha kama mtoto aliyeota jino.

Jumatano, 14 Septemba

Leo nitaandika mengi.

Mwalimu Fadhul, mwalimu mkuu, ameleta meza yake. Ni ya mvule, urefu futi saba, droo nane. Aliizika kwenye shamba la mihogo walipokimbia vita, akaifukua waliporudi, na anaisimulia habari zake kama watu wanavyosimulia habari za marehemu baba yao. Wanaume wanne waliibeba hadi mlangoni mwa ofisi. Wakaiingiza kwa urefu, ikakataa. Wakaiingiza kwa ubavu, ikakataa. Wakaisimamisha, ikaingia, na Mwalimu akabaki ameitazama meza iliyosimama kama kabati.

"Mzee Lomoro. Nitaandikia wapi? Kwenye ukuta?"

"Ofisi iko futi sita, Mwalimu. Meza yako nakula nini?"

"Ofisi ni futi tisa! Nilikaa kwenye kamati mimi mwenyewe. Stoo ndiyo sita."

"Ramani nasema sita."

"Ilete hiyo ramani."

Ikaletwa, imekunjwa vilevile mara nne, na mvua imezigandisha kunjo zake, hakuna aliyethubutu kuikunjua isije ikachanika. Ikalazwa chini. Mzee akachuchumaa upande wake wa kila siku. Mwalimu, ili asichafue suruali, akachuchumaa kwenye jiwe la upande wa pili, wanatazamana.

"O ni ofisi," akasema Mwalimu. "Hii hapa. Tisa!"

"Sita," akasema Mzee.

"Mzee, hii ni tisa. Kichwa juu, mkia chini. Tisa!"

"Kichwa iko chini, Mwalimu. Sita."

Nilikuwa nimesimama nyuma yao. Nilitazama ile namba, kisha herufi zilizo kando yake. O ukiipindua ni O. S ukiipindua ni S. Sita ukiipindua ni tisa. Kwenye kona ile yote hakukuwa na kitu kimoja cha kukuambia wapi ni juu.

Na hapo nikaelewa na la pili, lililo baya zaidi. Kule Oli, nilipoigeuza ramani ya zamani, nilizisimamisha namba nilizoziona zimepinduka. Hizi mbili hazikuonekana zimepinduka. Tisa ya ofisi ilikuwa imelala chali, nikaiona ni sita nzuri iliyosimama, nikaifuatisha. Sita ya stoo ikawa tisa. Na ukijumlisha, kumi na tano ileile. Mimi niliyecheka darasa la baiskeli.

Kwa hiyo Mzee Lomoro alikaa upande ulio sahihi na akasoma sawasawa kilichoandikwa. Mwalimu ndiye aliyekaa kichwa chini, akapata jibu la haki kwa njia ya makosa. Lakini Mwalimu ana cheti.

"Mtu asiyejua kusoma," akasema, mbele ya mafundi wote, "anatujengea shule. Jumamosi kamati itakaa. Tutatafuta fundi mwingine wa kumalizia, na lile jengo la pili tulilomwahidi asahau."

Mzee akainama. Aliondoa mawe manne juu ya ramani, moja moja, akayapanga pembeni.

Nami sikusema kitu. Hata chafya haikutoka.

Alhamisi, 15 Septemba

Hili naliandika kwa aibu, na kama kuna mtu katika ukoo wetu atakuja kukijua Kiswahili cha kuandikwa, basi naomba afunge daftari hapa.

Mchana mvua ilinyesha kama imetukanwa. Mafundi wote walikuwa nyumbani. Nilikuwa peke yangu kwa Shangazi, na ramani niliyoiokota jana, na wembe. Nikawaza hivi. Nikikwangua sita ya ofisi nikaandika tisa, na tisa ya stoo nikaandika sita, ramani itakuwa sahihi. Nakala ya kwanza Obeti aliifungia tumbaku. Ya tatu ipo Oli kwa Mjomba, na Mjomba hawezi lori. Hakuna atakayejua kwamba Driwaru alikosea. Mzee Lomoro ataonekana amekosea, lakini tayari anaonekana.

Nilikwangua mkia wa sita. Wino ukatoka vumbi jeusi. Sita bila mkia ni duara tu, ni sifuri. Ofisi ya futi sifuri. Nilikuwa nimeshika kalamu kuiandika upya.

"Hodi."

Alikuwa Mzee Lomoro, amejifunika gunia, anachuruzika maji. Nilikalia ramani.

"Karibu, Mzee."

Hakukaa. Alisimama mlangoni, na yeye, ambaye hupaza sauti hadi Koboko mjini, akanong'ona.

"Binti. Wewe nasoma Kifaransa, nasoma Kiingereza. Fundisha mimi sita na tisa."

Nikamtazama.

"Jeshini mimi nilijua. Miaka mingi nilijua. Lakini sasa naona macho inadanganya. Labda ni uzee. Labda tangu mwanzo sikujua, watu walinionea huruma tu." Akatoa mfukoni kipande cha mkaa, na chini ya gunia ubao. "Andika. Mimi naangalia. Usiambie mutu."

Nikaandika sita. Akasema, "Sita?" kama anayeomba ruhusa. Nikaandika tisa. "Tisa?" Mara kumi nikaandika, mara kumi akapatia, na kila alipopatia alinitazama usoni kuona kama namdanganya. Huku mimi nimeikalia ramani, na wembe unanichoma paja.

Alipoondoka alisema asante mara tatu, akaniachia mkaa na ubao.

Nimechukua kalamu nikaurudisha mkia wa sita mahali pake. Sita, kosa langu, imesimama tena.

Ijumaa, 16 Septemba

Nimefanya mazoezi ya kusema kwa mbuzi wa Shangazi. Ameondoka katikati.

Jumamosi, 17 Septemba

Kamati ilikaa ndani ya darasa lisilo na paa. Wazazi kama arobaini. Mwalimu Fadhul alisoma mashitaka kwa Kiswahili cha kitabu, kisha akauliza kama kuna mwenye neno. Shangazi Afisa, niliyemweleza asubuhi huku nalia kwenye unga, akanisukuma mgongoni kwa kiwiko. Nikajikuta nimesimama katikati, ramani mikononi, ubao kwapani.

"Ofisi ilikuwa tisa," nikasema, "mimi nikaandika sita."

"Anasema nini?"

"Anasema ilikuwa sita, akaandika tisa."

"Basi Mwalimu yuko sawa!"

"Hapana," nikasema. "Tisa. Nikaandika sita."

"Sita, akaandika sita?"

"Sema kwa nguvu!" akapiga kelele Shangazi. "Hata mbuzi alikusikia!"

Nikajaribu kwa Kilugbara, nikidhani huku wengi wanakisikia. "Ilikuwa oromi! Nikaandika azia!" Walugbara watatu wakasema aaa. Wakakwa thelathini na saba wakawauliza, "Aaa nini?"

Ndipo nikaacha maneno. Nilichukua mkaa na ule ubao, nikaandika sita moja kubwa, nikauinua juu ya kichwa. "Hii nini?" Wote: "Sita!" Nikaugeuza ubao polepole, kichwa chini. "Na sasa?"

Shingo arobaini zikapinda. Kisha bibi mmoja wa nyuma akasema, "Tisa. Mama yangu, imekuwa tisa."

"Ramani ya zamani niliigeuza hivi," nikasema, na sauti ikaja, sijui ilitoka wapi. "Tisa ya ofisi ikawa sita, sikuiona. Mzee Lomoro alisoma kile nilichoandika. Alisoma sawasawa. Aliyekosea ni mimi."

Mwalimu Fadhul akavua miwani. "Lakini mimi niliona tisa kwa macho yangu."

"Mwalimu," nikasema, na nilitamani ardhi inimeze, "ulikuwa umekaa kichwa chini."

Nilidhani watanipiga. Badala yake kelele ikalipuka kutoka kule alikokaa Mzee Lomoro. Alikuwa amesimama juu ya rundo la matofali, mikono juu.

"Mnasikia? Mimi iko najua kusoma! Yeye aliandika vibaya, mimi nikasoma vizuri! Mimi nasoma hata makosa!" Akashuka, akamshika Mwalimu mkono, akautikisa kwa nguvu. "Pole, Mwalimu. Sita na tisa ni ngumu. Hata mimi juzi nilikuwa na wasiwasi. Jioni njoo, nitakufundisha."

Wazazi walicheka hadi wakaanguka kwenye udongo. Mwalimu alijaribu kukaza uso, akashindwa kuanzia masharubu. Mashitaka yamekunjwa. Mzee anabaki, na jengo la pili ni lake.

Mimi nimepewa adhabu na Mzee mwenyewe: ukuta ule nitaubomoa kwa mikono yangu, tofali kwa tofali, bila kuvunja hata moja.

Jumatano, 21 Septemba

Nimevunja manne. Mikono yangu si ya mtu wa kalamu tena. Ukuta wa ndani haubebi paa, Mungu ameniona.

Alhamisi, 22 Septemba

Leo tulipima upya. Obeti alitaka kushika utepe, Mzee akamkataza. "Binti ashike. Apige kelele."

"Tisa," nikasema.

"Sikusikia."

"Tisa."

"Ndogo ama kubwa?"

"TISA! ILE KUBWA, MZEE!"

Barabarani mwanamke mwenye beseni la samaki alisimama akajibu, "Haya, tumesikia!"

Ijumaa, 30 Septemba

Ukuta umekwisha kabla ya mvua kubwa. Meza imeingia. Mwalimu Fadhul ameketi nyuma yake tangu asubuhi, hafanyi kitu, anavuta tu droo.

Nimemwandikia Mjomba barua na kumweleza yote. Nimemwambia pia, kwa heshima, kwamba upande wa tatu upo, na wa nne, na mafundi wamekaa pande zote. Hawatahama. Mzee anasema alikaa foleni miaka sita uhamishoni, hatakaa foleni kusoma karatasi. Kwa hiyo nimeichora ramani upya, na chini ya kila namba nimeweka mstari mfupi. Obeti aliuliza ni nini. Mzee akamjibu kabla yangu: "Kigoda. Kila mutu nakaa kwa kigoda. Ukijua matako iko wapi, unajua kichwa iko wapi."

Jumatatu, 10 Oktoba. Oli

Nimerudi siku tatu zilizopita, na barua yangu nimeikuta imefunguliwa mezani kwa Mjomba. Leo nimemkuta kwenye ubao wake anapitia ramani zote za zamani, moja baada ya moja, anaweka vigoda. Hakuniangalia.

Jumamosi, 22 Oktoba

Ujumbe kutoka Kuluba, umeletwa na dereva wa lori. Wanataka ramani ya vyoo. Mwalimu Fadhul alipendekeza ichorwe na Mjomba mwenyewe, Mzee Lomoro akakataa.

"Alisema nini?" nikauliza. Nilimuuliza dereva mwenyewe, mbele ya watu.

"Mzee alisema apewe yule binti. Mwalimu akamwambia, lakini yule ndiye aliyekosea. Mzee akasema ndiyo, yule akikosea tunaambiwa."

Nimeingia ndani nikaficha uso kwenye karatasi kwa muda. Kisha nikatoka tena, kwa sababu dereva hakutaja ni matundu mangapi.

"Sita," akasema.

Nimemwomba arudie. Amerudia. Nimemwomba aniandikie. Ameandika kwenye vumbi la boneti ya lori, nikazunguka nikasimama upande wake, nikatazama kutoka pale alipokuwa amesimama yeye.